Hasimu Asiyeonwa: Bwana wa Giza katika Fantasia ya Kitendi

Utangulizi

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii hutumiwa kuwaonya watu wasipuuze uvumi. Kwa mwanafunzi wa fasihi, hata hivyo, ina funzo la ziada: jambo linaweza kuwapo na kutawala mawazo ya watu kwa sababu ya kusemwa tu. Katika makala hii tunakusudia kueleza mbinu ya usimulizi iliyojengwa juu ya msingi huo. Nayo ni mbinu ya hasimu ambaye hasimami mbele ya msomaji, bali husemwa, huogopwa na hutumikiwa tangu mwanzo wa hadithi hadi mwisho wake.

Mbinu hii imeenea sana katika utanzu unaoweza kuitwa fantasia ya kitendi, yaani riwaya ndefu zinazosimulia ulimwengu wa kubuni wenye ramani, historia na lugha zake, ambamo watu wachache hupambana na uovu unaotishia ulimwengu mzima. Mfano wetu mkuu utakuwa Sauron, hasimu wa riwaya ya The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien.

Huenda msomaji akajiuliza, suala hili linamhusu vipi mwalimu wa Kiswahili? Wanafunzi wetu wengi husoma fasihi ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa wakati mmoja, na huhamisha zana za uhakiki kutoka somo moja hadi jingine. Katika mada ya wahusika huwa tunawafundisha kumtazama mhusika kwa sura yake, maneno yake na matendo yake. Mwanafunzi aliyeshika kanuni hiyo peke yake akiulizwa kuorodhesha wahusika wa riwaya hii, atawataja Frodo, Sam, Gandalf na Aragorn, kisha atamwacha nje yule ambaye hadithi nzima inamzunguka. Atasema hana sura wala kauli. Je, atakuwa amekosea? Na kama amekosea, ni zana gani zimepungua mkononi mwake?

Mwandishi na kazi yake

John Ronald Reuel Tolkien alizaliwa mwaka 1892 huko Bloemfontein, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto wa miaka mitatu. Alipigana katika vita vya Somme mwaka 1916. Kuanzia mwaka 1925 hadi 1959 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford, akifundisha Kiingereza cha kale na fasihi yake. Alikuwa mwanaisimu kabla ya kuwa mwanariwaya, na lugha alizozibuni, hasa Kikwenya na Kisindarin, zilitangulia hadithi zake.

Riwaya yake ya kwanza, The Hobbit, ilitoka mwaka 1937. Humo anatajwa mchawi fulani anayeishi katika ngome ya msituni. Gandalf anaondoka kwenda kupambana naye, na msomaji haonyeshwi pambano hilo. Baadaye tunafahamu kuwa mchawi huyo ndiye Sauron. The Lord of the Rings ilichapishwa katika juzuu tatu, mbili mwaka 1954 na ya tatu mwaka 1955. Kisa chake kwa ufupi ni hiki: Sauron, mtawala wa nchi ya Mordor, aliweka sehemu kubwa ya nguvu zake ndani ya pete moja, akaipoteza. Pete hiyo imeangukia mikononi mwa Frodo, mmoja wa hobiti, watu wafupi wapendao amani na chakula kizuri. Frodo anapaswa kuipeleka katika mlima wa moto uliomo ndani ya Mordor kwenyewe ili ikaangamizwe.

Jambo moja husahaulika kwa urahisi. Bwana wa Pete anayetajwa katika anwani ya riwaya si Frodo wala Gandalf, ni Sauron. Kitabu kimepewa jina la mtu tusiyekutana naye.

Haonekani au haonwi?

Kiswahili kinatupa hapa tofauti nzuri ya kisarufi. Kitenzi -ona kina umbo la kutendeka, -onekana, na umbo la kutendwa, -onwa. Tukisema kitu hakionekani, aghalabu tunamaanisha kuwa hakina hali ya kuweza kuonwa, kama vile upepo. Tukisema hakionwi, tunamaanisha kuwa hakuna anayekiona, ingawa pengine kipo na kina umbo.

Sauron si wa kundi la upepo. Ana mwili. Gollum, kiumbe aliyewahi kuteswa huko Mordor, anasema kuwa mkono wa Sauron una vidole vinne tu, kwa kuwa cha tano kilikatwa zamani pamoja na ile Pete. Katika The Silmarillion, kitabu kilichotolewa mwaka 1977 baada ya kifo cha mwandishi, Sauron wa nyakati za kale anaonwa waziwazi: anazungumza, anadanganya wafalme na kubadili umbo lake. Kwa hiyo katika The Lord of the Rings yeye ni mtu aliyewekwa nyuma ya pazia kwa makusudi. Kusema kwamba Sauron ni jicho tupu lisilo na mwili ni kuichanganya riwaya na filamu za Peter Jackson za mwaka 2001 hadi 2003, ambamo jicho la moto linawaka juu ya mnara.

Njia za kumsawiri asiyeonwa

Ikiwa mhusika haonwi, msomaji humjua vipi? Tolkien anatumia angalau njia nne.

Ya kwanza ni jina na lakabu. Jina Sauron katika Kikwenya lina maana ya mwenye kuchukiza. Ni jina alilopewa na maadui zake. Ndiyo maana Aragorn anaeleza mahali fulani kuwa Sauron halitumii jina hilo wala haruhusu litajwe. Hata hivyo, wajumbe wake wawili katika riwaya hiyohiyo wanalitaja kwa fahari, na ukinzani huo unafaa kujadiliwa darasani. Wengine humwita Adui, Bwana wa Giza, au Yule tu. Kila lakabu inatueleza habari za msemaji kuliko za anayesemwa: nani anaogopa, nani anathubutu, nani amezoea kutii.

Ya pili ni watumishi. Wapanda farasi tisa waliovaa nguo nyeusi walikuwa watu wenye vyeo zamani, kisha wakapokea pete za Sauron. Sasa chini ya majoho yao hakuna kitu cha kutazamwa. Mjumbe anayetoka katika lango la Mordor kuongea na Aragorn na wenzake anaitwa Mdomo wa Sauron, na msimulizi anatudokeza kuwa mtu huyo amelisahau jina lake mwenyewe. Kwa sentensi hiyo moja tunajua utawala wa bwana wake unamfanyia nini binadamu. Aidha kuna maorki, askari wa chini. Sam anawasikia wakuu wawili wa maorki, Shagrat na Gorbag, wakinong'ona juu ya wakubwa wao, wakiogopa kushtakiwa, na kuota siku vita vitakapokwisha watoroke na vijana wachache waaminifu wakajitegemee. Ni mazungumzo ambayo askari wa jeshi lolote angeyatambua. Sauron hayupo katika chumba hicho, lakini woga wa kusikiwa naye umejaa katika kila kauli yao.

Ya tatu ni usemi wa taarifa. Maneno ya Sauron tunayoyapata katika riwaya yamepitia vinywa vya watu wengine. Glóin anasimulia kuwa mpanda farasi kutoka Mordor alikuja usiku kwa mfalme wa mbilikimo, akiahidi urafiki na pete endapo angepewa habari za hobiti. Pippin, hobiti kijana, analitazama jiwe la kuonea mbali na kukutana na Sauron ana kwa ana; lakini sisi hatupelekwi ndani ya jiwe. Tunasubiri Pippin azinduke na kumweleza Gandalf alichoulizwa, alichojibu, na jinsi alivyochekwa. Mwalimu wa sarufi anayefundisha usemi halisi na usemi wa taarifa atapata hapa mfano wa namna badiliko la usemi linavyobadili hisia. Kama tungelisikia swali lenyewe kutoka kwa Sauron, tungelipima. Tunapolisikia kutoka kwa kijana anayetetemeka, tunaupima mtetemeko wake.

Ya nne ni mandhari. Mordor ni nchi ya majivu, mashimo na moshi. Wanafunzi hupenda kuishia hapo na kuandika kwamba mandhari yanaashiria uovu. Tolkien anakwenda mbali zaidi. Anajua kuwa jeshi haliwezi kula majivu, hivyo anaeleza kwa kupita kuwa kusini mwa nchi hiyo, kando ya ziwa Núrnen, kuna mashamba makubwa yanayolimwa na watumwa, na kuna barabara zinazoleta mahitaji na ushuru kutoka nchi zilizo chini ya Sauron. Frodo na Sam hawafiki huko. Lakini kwa dokezo hilo Sauron anaacha kuwa zimwi la hadithini na kuwa serikali yenye maghala, kambi na walinzi.

Tukijumlisha njia hizi nne, tunapata jibu la swali la mwanzo. Mwanafunzi aliyemwacha Sauron nje alikuwa na zana tatu tu. Akiongezewa majina, watumishi, maneno yaliyoripotiwa na mandhari, atamwona mhusika aliyesawiriwa kikamilifu bila kusogezwa jukwaani.

Kwa nini mwandishi amfiche?

Sababu ya kwanza ni ya kiusimulizi. Tolkien anajifanya kuwa anafasiri kitabu cha kale kilichoandikwa na hobiti wenyewe, Bilbo na Frodo, kisha kikakamilishwa na Sam. Hobiti hao hawakuwahi kukaa barazani kwa Sauron. Wangewezaje kuandika alivyokaa na alichosema? Mipaka ya msimulizi ndiyo mipaka ya msomaji.

Sababu ya pili inagusa maana ya hadithi yenyewe. Riwaya hii ni shindano la kuona. Sauron haonwi, lakini anatafuta kuona kila kitu. Alama yake katika ngao za askari ni jicho jekundu. Frodo anaonwa na kila mtu, lakini akivaa Pete hutoweka machoni pa watu, na wakati huohuo humkaribia zaidi Sauron. Denethor, mtawala wa Gondor, analitazama jiwe jingine la kuonea mbali akidhani anapata ukweli, kumbe anayoyaona yamechaguliwa na Sauron ili kumvunja moyo. Anakata tamaa na kujiua. Kwa upande wa pili Aragorn naye anajionyesha kwa Sauron kupitia jiwe ili amtie wasiwasi. Baadaye anakwenda kwenye lango la Mordor na jeshi la watu wasiofika 6,000, na Sauron anaamini kuwa mtu huyo ndiye mwenye Pete.

Hapo ndipo udhaifu wa mwenye jicho unapodhihirika. Gandalf alikwisha kueleza kuwa Sauron huwapima watu wote kwa kipimo cha tamaa yake. Hawezi kufikiri kwamba kuna mtu atakayeipata nguvu hiyo na kutaka kuiharibu. Katika ngano zetu zimwi hushindwa kwa hila ya mtoto au ya sungura, na tuna methali isemayo zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sauron ni zimwi lisilokujua. Anaona mbali, lakini hobiti wawili wanaotambaa ndani ya nchi yake hawamo katika hesabu yake.

Ndiyo maana mwandishi anaivunja kanuni yake hasa mahali pamoja. Frodo anapoivaa Pete ndani ya mlima wa moto, msimulizi anaingia kwa aya chache katika fikra za Sauron. Anatambua ghafla alivyodanganywa, anaghadhibika, anaogopa, na askari wake walio mbali wanaanza kuyumba kwa kuwa utashi uliokuwa ukiwasukuma umeelekea kwingine. Kwa muda wote woga ulikuwa wetu. Sasa umehamia kwake. Badiliko hilo lisingekuwa na uzito kama tungekuwa tumezoea kumtembelea. Baada ya hapo kinasimama kivuli kikubwa angani, upepo unakipeperusha, na habari zake zinakwisha.

Gharama ya mbinu hii

Itakuwa si haki kuisifu mbinu bila kutaja hatari yake, na hatari hiyo inatuhusu sisi wasomaji wa Afrika kwa namna ya pekee. Hasimu asipoonwa, chuki ya msomaji hutafuta mahali pa kutua. Mara nyingi hutua juu ya wale wanaoonwa, yaani askari wake.

Miongoni mwa askari wa Sauron wamo watu wa kusini na wa mashariki. Nchi zao zipo pembezoni mwa ramani, hadithi haifiki huko, na watu wao hawapewi nafasi ya kujieleza. Baadhi ya watu wa kusini ya mbali wanaelezwa kwa weusi wao na kufananishwa na majitu. Msomaji mweusi hawezi kupita hapo bila kusita, wala mwalimu hapaswi kumtaka apite kimya. Giza la bwana limepakwa kwenye ngozi za watu wake.

Hapa tafsiri ina kazi. Neno la Kiingereza lililo katika lakabu ya Sauron hubeba pamoja giza, rangi iliyoiva na hata weusi wa ngozi. Kiswahili hutenganisha: giza ni ukosefu wa mwanga, weusi ni rangi. Mfasiri akiandika Bwana Mweusi ameongeza tatizo; akiandika Bwana wa Giza amelipunguza, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili aliyezoea kusikia habari za nguvu za giza haelewi hapo rangi ya mtu. Lakini tafsiri njema haifuti yaliyomo katika vifungu vingine, na mwanafunzi ana haki ya kuvihoji.

Pamoja na hayo, riwaya yenyewe ina sauti inayopinga. Sam anapomwona kwa mara ya kwanza mtu wa kusini aliyeuawa vitani, anajiuliza mtu huyo aliitwa nani, alitoka wapi, alikuwa mwovu kweli au alidanganywa na kutishwa tu, na kama hangependa kubaki kwao kwa amani. Baada ya vita Aragorn anafanya amani na watu wa kusini, anawasamehe wa mashariki, na watumwa wa Mordor wanapewa ardhi iliyozunguka lile ziwa Núrnen iwe mali yao. Kuhusu maorki, Tolkien aliendelea kutafakari katika barua na maandishi yake ya baadaye kama kweli viumbe wenye lugha na fikra wanaweza kuwa waovu wasiokomboleka, na hakufikia jibu moja. Swali hilo linastahili kubaki wazi darasani pia.

Baada ya Tolkien

Waandishi wengi waliomfuata walichukua bwana wa giza wakaacha kazi iliyomjenga. Kufikia mwaka 1996 mhusika huyu alikuwa amechakaa kiasi kwamba mwandishi wa Uingereza Diana Wynne Jones alimfanyia mzaha katika kitabu chake The Tough Guide to Fantasyland, kilichoandikwa kama mwongozo wa watalii wa nchi za fantasia. Sababu ya uchakavu ni rahisi kueleza: kumficha mhusika ni rahisi, kuonyesha athari zake ni kazi ngumu.

J.K. Rowling alichukua njia nyingine. Voldemort, katika kitabu cha kwanza cha mwaka 1997, ni mtu ambaye watu hawathubutu kumtaja jina. Katika kitabu cha nne, cha mwaka 2000, anarudishiwa mwili, na katika cha sita, cha mwaka 2005, tunasimuliwa utoto wake. Hapo hofu inageuka kuwa uelewa. Waliotengeneza filamu za Tolkien nao walishawishika kumleta Sauron mbele. Walipiga picha za Aragorn akipigana naye kwenye lango la Mordor, kisha katika filamu ya mwaka 2003 wakamwondoa na kuweka jitu mahali pake. Uamuzi huo ulilinda maana ya hadithi, kwa sababu ushindi wa upanga ungewanyang'anya hobiti kazi yao.

Nje ya fantasia, ndugu wa karibu wa Sauron ni Kaka Mkubwa wa George Orwell katika Nineteen Eighty-Four ya mwaka 1949. Picha yake ipo kila ukuta, naye hatokei. Mhusika mkuu anafika mahali pa kuuliza kama mtu huyo yupo kweli. Katika fasihi ya Kiswahili, tulinganishe na Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Nchi ni ya kubuni pia, lakini hasimu, Waziri Majivuno, anasimama barazani na kutoa mashtaka yake kwa kinywa chake, na Karama anamjibu. Uovu unaosema unaweza kujibiwa kwa hoja. Uovu usioonwa haujibiwi kwa hoja. Hushindwa kwa kukataa kuutumikia.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba mhusika anaweza kusawiriwa kikamilifu bila kuonwa, mradi mwandishi aonyeshe jina lake linavyotajwa, watumishi wake wanavyoishi, maneno yake yanavyofikishwa na nchi yake inavyotawaliwa. Tumeonyesha pia kuwa mbinu hii inamtaka msomaji awe macho asiwahukumu walio chini ya kivuli kana kwamba wao ndio kivuli. Walimu wanaweza kuanzisha mjadala kwa maswali yafuatayo:

1. Taja mhusika wa riwaya au tamthilia ya Kiswahili uliyoisoma ambaye husemwa zaidi kuliko anavyosema. Tunamjua kwa njia zipi?

2. Chagua mazungumzo yoyote ya hasimu katika kitabu unachosoma, uyageuze kuwa usemi wa taarifa unaotolewa na mtu anayemwogopa. Ni nini kilichobadilika?

3. Eleza tofauti ya maana kati ya haonekani, haonwi na hajaonekana, ukitoa mfano wa mhusika kwa kila neno.

4. Sam alijiuliza maswali juu ya askari asiyemjua jina. Andika aya moja ukimpa askari huyo sauti yake.